Sofa ya makava ya kuvua: namna ya kuinunua kwa bei nafuu na kuitunza idumu

Kwa familia nyingi, seti ya sofa ndiyo samani ya bei kubwa kuliko zote sebuleni. Hununuliwa kwa fedha ya mavuno, kwa zamu ya mchezo au kwa mgao wa VICOBA, na mara nyingi kuna shughuli mbele: ndoa, kuhamia nyumba mpya au kupokea wakwe. Ndiyo maana inauma pale sofa iliyong'aa siku ya kwanza inapobonyea katikati kabla ya mwaka kwisha, au kitambaa chake kinaposhika madoa yasiyotoka.

Msikilizaji wa Mkuranga, Kibiti, Kisarawe au Bagamoyo anayenunua Dar es Salaam ana tatizo moja zaidi. Fundi yuko mjini, yeye yuko kijijini. Kurudisha sofa mbovu ni nauli, gari la mzigo na siku za kazi zilizopotea. Wengi huamua kunyamaza. Kwa hiyo ukaguzi wote ufanyike kabla fedha haijatoka mfukoni.

Makala hii inahusu aina moja ya sofa inayomfaa mtu wa kipato cha kawaida: sofa ambayo makava yake yanavuliwa. Tutaeleza namna ya kuichagua, kuilipia, kuisafirisha na kuitunza nyumbani.

Sofa ya makava ya kuvua ni ipi?

Sofa nyingi za mitaani hufunikwa kwa kitambaa kilichopigiliwa kwenye mbao kwa pini za stepla na gundi. Kitambaa hicho hakitoki mpaka fundi akibandue. Kikichafuka unakifuta juu juu, kikichanika unaanza upya.

Sofa ya makava ya kuvua ni tofauti. Kila mto una kava lake lenye zipu, na mwili wa sofa wenyewe huvalishwa kava kubwa linaloshikwa kwa zipu, kamba, vifungo au lastiki. Kava linatoka, linafuliwa, linakauka, linarudi mahali pake. Likichakaa, unashona jingine bila kugusa mbao wala sponji.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Kampuni ya IKEA ya Sweden huuza sofa ambazo makava yake yanavuliwa na kununuliwa peke yake. Hata hapa nyumbani wazo si geni. Vile vitambaa vyeupe vya kufuma ambavyo mama zetu huviweka juu ya makochi vinafanya kazi hiyohiyo: hulinda sehemu inayoguswa na kichwa chenye mafuta na mikono yenye jasho, kisha hufuliwa peke yake.

Kwa mnunuzi kuna faida nyingine kubwa. Zipu ni dirisha. Ukiifungua unaiona sponji yenyewe, na ukinyanyua kava la mwili unaona fremu. Katika sofa iliyopigiliwa, vitu hivyo viwili, ambavyo ndivyo vinavyoamua sofa itadumu muda gani, vimefichwa.

Zinapatikana wapi?

Katika wilaya ya Temeke, jina linalotajwa kwanza ni Keko. Eneo hili lililo jirani na Chang'ombe limejulikana kwa miaka mingi kwa karakana za samani: maseremala, mafundi wa makochi na wauzaji wa vifaa vyao wako karibu karibu. Upande wa Ilala kuna mafundi wa Buguruni Malapa. Kinondoni nako kuna karakana ndogo kando ya barabara, na hali ni hiyohiyo ukielekea Mbagala kwa Barabara ya Kilwa. Vitambaa, zipu na lastiki kwa wingi hupatikana Kariakoo.

Tofautisha fundi na muuzaji. Fundi anatengeneza mbele yako na anaweza kukuonyesha sofa ikiwa bado uchi. Muuzaji wa dukani au wa mtandaoni mara nyingi amenunua kwa fundi huyohuyo na kuongeza faida yake. Si vibaya kununua dukani, lakini uliza swali moja: nikipata tatizo, nani atatengeneza?

Fremu: mifupa ya sofa

Sofa nyingi za bei nafuu hutengenezwa kwa mbao laini kama paini, na shamba kubwa la serikali la miti ya aina hiyo ni Sao Hill, wilayani Mufindi. Paini si mbao mbaya kwa sofa, mradi iwe imekauka na vipande viwe vinene. Mninga na mkongo ni imara zaidi lakini bei yake ni kubwa, na ndani ya sofa hazionekani. Mtu akikwambia sofa ya bei ya chini ni mninga mtupu, omba kuuona.

Ubaya huanza pale fremu inapounganishwa kwa mabanzi, vipande vya masanduku ya mizigo na maboksi ya karatasi yaliyofichwa nyuma ya kitambaa. Fanya majaribio haya:

Inua kona moja ya mbele kiasi cha shubiri moja kutoka sakafuni. Fremu imara itaanza kunyanyua na mguu wa mbele wa upande wa pili. Ikiwa kona moja inapanda huku upande mwingine ukibaki chini na sofa inajipinda, fremu ni dhaifu.

Shika mkono wa sofa uusukume nje na ndani. Usicheze. Fanya hivyo pia kwenye mgongo.

Kaa kwa uzito wako wote, kisha jigeuze kushoto na kulia. Sikiliza. Mlio wa mbao kusuguana ni dalili ya misumari bila gundi. Kiungo kizuri kina gundi na skurubu, na pembeni kimepigiwa kipande cha mbao cha kukishikilia.

Igeuze sofa miguu juu. Sofa ya watu watatu inahitaji mguu au nguzo katikati, la sivyo mbao ndefu ya mbele itapinda. Hapo chini tazama pia kama kuna unga laini wa mbao au matundu madogo ya duara. Hizo ni dalili za wadudu wanaotoboa mbao, na ukiipeleka nyumbani unawapelekea pia dari na vitanda vyako.

Mwisho, angalia kilicho chini ya mito. Kuna springi za nyoka, kuna mikanda ya lastiki, na kuna vipande vya mpira wa tyubu za matairi. Zote zinaweza kufanya kazi. Muhimu ni idadi na mkazo: zikiwa chache au zimelegea, mto mzuri kiasi gani utazama. Sofa iliyowekewa kiroba kitupu juu ya mbao chache iache.

Sponji: tumia mizani

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupigwa. Sponji mpya, nzuri na mbovu, zote huonekana zimejaa. Tofauti huja baada ya miezi, pale ile nyepesi inapolala na kukataa kuinuka.

Ubora wa sponji hupimwa kwa uzito wa mita moja ya ujazo. Kwa kukalia, tafuta sponji ya kilo 30 au zaidi kwa mita ya ujazo. Ya mgongoni inaweza kuwa nyepesi zaidi kwa sababu haibebi uzito wote wa mwili. Fundi atakwambia "hii ni nzito", lakini wewe una njia ya kuhakikisha: mizani ileile ya kupimia maharage.

Chukua mfano wa mto wa kukalia wenye upana wa sentimita 60, urefu wa sentimita 60 na unene wa sentimita 12.5, yaani karibu inchi 5. Ujazo wake ni mita za ujazo 0.045. Sponji ya kilo 30 kwa mita ya ujazo itafanya mto huo uwe na uzito wa kilo 1 na gramu 350. Ukipima ukapata gramu 700, umepewa sponji ya nusu ya ubora huo. Pima sponji peke yake, bila kava.

Uzito pekee hautoshi. Kuna sponji ya vipande vilivyosagwa na kugandishwa kwa gundi, yenye rangi mchanganyiko. Ni nzito lakini ngumu, na ikiwa imegandishwa vibaya humeguka. Mafundi wengine huiweka chini na kuweka laini juu, na hilo linaweza kuwa sawa kama umeambiwa na bei inalingana. Fungua zipu, toa sponji, tazama pande zote. Ibonyeze kwa ngumi kwa nusu dakika, kisha iachie. Inapaswa kurudi mara moja bila kuacha shimo.

Kitambaa na kava

Usianze na rangi. Anza na matumizi: je, nyumba ina watoto wadogo? Sakafu ni ya udongo au saruji? Barabara ya vumbi iko karibu? Vumbi jekundu huonekana haraka kwenye kitambaa cheupe na kwenye cheusi pia. Kahawia, kijivu na vitambaa vyenye michoro huvumilia zaidi.

Kitambaa kizito cha pamba au cha pamba iliyochanganywa na poliesta hufaa kwa makava ya kuvua kwa sababu kinafulika na hakichomi mwili wakati wa joto. Velveti ni nzuri kwa macho, ila hushika vumbi na nywele. Ngozi bandia ni rahisi kufuta, lakini katika joto na unyevu wa pwani huweza kuanza kubanduka magamba, na ikibanduka hairekebishiki.

Kabla ya kukubali kitambaa, kiangalie dhidi ya mwanga. Kama unaona upande wa pili kwa urahisi, ni chepesi mno. Sugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa: rangi ikihamia, itahamia pia kwenye nguo za wageni.

Sharti moja usilisahau: kitambaa cha pamba kifuliwe na kukaushwa kabla ya kukatwa. Kama kitarudi kwa asilimia 5, mita 2 zinakuwa mita 1 na sentimita 90, na kava lililoshonwa kabla ya kufuliwa halitaingia tena. Wengi hudhani fundi cherehani alikosea kipimo, kumbe kitambaa kilirudi.

Ili usidanganywe idadi ya mita, fanya hesabu mwenyewe. Kwa ule mto wetu wa sentimita 60 kwa 60, unahitaji vipande viwili vya sentimita 65 kwa 65, pamoja na mkanda wa pembeni wenye upana wa sentimita 16. Kwenye kitambaa chenye upana wa mita 1.5, vipande viwili hukaa sambamba, na mkanda hutoka kwenye vipande viwili vya chini yake. Jumla ni karibu mita 1 kwa kila mto. Mito sita ni mita 6, kisha ongeza za mwili wa sofa kwa kupima mgongo, mikono na mbele kwa futi ya fundi.

Zipu ikae upande wa nyuma na iwe ndefu, ikizunguka hadi pembeni. Zipu fupi hufanya watu wavute sponji kwa nguvu mpaka kava linachanika.

Kuna pia makava ya kuvutika yanayouzwa tayari, ya poliesta yenye lastiki, ambayo huvalishwa juu ya sofa yoyote. Yanafaa kwa kufufua sofa ya zamani ambayo fremu yake bado nzima. Yasikushawishi kununua sofa mbovu: kava jipya haliinui sponji iliyolala. Kama unanunua sofa ya mtumba iliyovalishwa kava la namna hii, livue kwanza.

Hesabu ya bei nafuu

Bei ya chini siku ya kununua si lazima iwe bei nafuu. Tazama mfano huu, ambao ni wa kuhesabia tu na si bei za sokoni.

Sofa ya kwanza ni shilingi 450,000. Kitambaa kimepigiliwa, sponji ni nyepesi, na baada ya miaka 2 haikaliki. Imekugharimu shilingi 225,000 kwa kila mwaka.

Sofa ya pili ni shilingi 700,000. Fremu inadumu miaka 10. Katika muda huo unashona makava mapya mara mbili kwa shilingi 120,000 kila mara, na unabadilisha sponji mara moja kwa shilingi 150,000. Jumla ni shilingi 1,090,000, yaani shilingi 109,000 kwa mwaka.

Kama fedha haitoshi kwa seti nzima, nunua sofa moja ya watu watatu iliyo imara, kisha ongeza nyingine msimu ujao. Makava ndiyo yatakayozifanya zifanane. Siku ukinunua ya pili, shona makava ya kitambaa kimoja kwa zote.

Kulipa bila kulia

Utaratibu wa kawaida ni kutoa malipo ya awali ili fundi anunue vifaa, kisha kumalizia siku ya kuchukua mzigo. Ugomvi mwingi huzaliwa hapo: siku zinasogea, simu haipokelewi, au sofa inatoka tofauti na picha.

Andikeni makubaliano, hata kama ni kwenye ukurasa wa daftari. Yaandikwe majina na namba za simu za pande zote mbili, aina ya mbao, unene na ubora wa sponji, aina ya kitambaa, idadi ya makava na zipu, bei yote, kiasi kilicholipwa na tarehe ya kukabidhi. Kila upande ubaki na nakala au picha ya simu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Kama maelezo hayakuandikwa, utayathibitishaje?

Weka sharti la kuiona fremu kabla haijavikwa. Kama huwezi kusafiri, mtume ndugu aliye mjini, au mwombe fundi akupigie simu ya video mbele ya fremu hiyo.

Malipo ya simu yaende kwenye namba ya biashara au namba iliyosajiliwa kwa jina la mtu uliyekubaliana naye. Soma jina linalotokea kabla ya kuingiza namba ya siri. Dai risiti ya EFD kwa muuzaji mwenye mashine.

Jihadhari na picha nzuri za mtandaoni zenye bei ya kushangaza na agizo la "tuma nusu tukuletee". Usilipe kwa mtu ambaye hana karakana ambayo wewe au ndugu yako anaweza kuifikia. Namba ya tapeli unaweza kuiripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040. Mkikwama na fundi, anzia ofisi ya serikali ya mtaa lilipo eneo la karakana ukiwa na karatasi yako mkononi. Ikishindikana, shauri la madai linaweza kufika Mahakama ya Mwanzo.

Kuifikisha nyumbani, au kuichongesha nyumbani

Kabla ya kwenda mjini, pima mlango wa nyumba yako: upana, kimo na kona ya kuingilia. Sofa pana ya mkono mnene inaweza kubaki barazani. Uliza kama miguu inatolewa kwa skurubu.

Kwa safari ya ndani ya jiji watu hutumia guta au kirikuu. Kwa safari ndefu, patana bei ya gari kabla ya bei ya sofa, maana usafiri unaweza kula faida yote ya kununua mjini. Vua makava yote, yafungashe kwenye mfuko safi, na mito iingie kwenye plastiki. Fremu ifunikwe turubai hata kama jua linawaka. Kamba isipite moja kwa moja kwenye kona za mbao. Weka kipande cha boksi katikati.

Kuna njia nyingine ambayo kwa watu wa vijijini huweza kuwa nafuu zaidi. Fremu ni nzito na ndiyo inayokula nafasi kwenye gari, ilhali sponji na kitambaa ni vyepesi. Basi fremu ichongwe na seremala wa kwenu, kwa mbao zilizovunwa kwa kibali na zilizokauka, kisha sponji na kitambaa vinunuliwe mjini kwa vipimo kamili. Makava yatashonwa na fundi cherehani wa kijijini. Faida yake haiishii kwenye usafiri: mguu ukilegea, aliyeutengeneza yuko umbali wa kutembea.

Matunzo ya kila wiki na kila mwezi

Mara moja kwa wiki toa mito, kung'uta nje, pangusa makombo kwenye mifereji, kisha igeuze mito juu chini na kuibadilisha nafasi. Mto wa mahali anapopenda kukaa baba au mbele ya televisheni huchakaa haraka kuliko mingine. Ukizungusha, yote huchakaa sawasawa.

Fua makava kila baada ya wiki kadhaa, kulingana na vumbi na watoto. Funga zipu, geuza nje ndani, tumia sabuni ya unga na maji ya kawaida, na usichanganye rangi. Makava ya sofa moja yafuliwe pamoja ili yapauke sawa. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe isiguse makava ya rangi. Anika kivulini penye upepo. Kava la pamba livalishwe likiwa na unyevu kidogo sana: litanyooka mahali pake bila pasi. Likivalishwa likiwa limelowa, litaleta ukungu.

Sponji haifuliwi kwenye beseni. Mtoto akikojoa, vua kava haraka, kandamiza sponji kwa kitambaa kikavu mpaka unyevu uishe, nyunyizia magadi ya kupikia kwa harufu, kisha isimamishe kwenye upepo. Usiiache uchi juani siku nzima. Jua kali huifanya iwe ya njano, kisha imeguke kama mkate mkavu.

Msimu wa masika, hewa ya pwani ni nzito kwa unyevu. Acha nafasi ya upana wa kiganja kati ya sofa na ukuta, na fungua madirisha mvua ikikata. Ukungu ukionekana kwenye kava, lifue peke yake na kulikausha kabisa.

Mchwa, panya na kunguni

Kwenye nyumba ya sakafu ya udongo, miguu ya sofa isikae moja kwa moja chini. Iwekee tofali, kigae au mfuniko wa bati, na kila wiki tazama kama kuna njia za udongo zinazopanda. Chini ya sofa pafungwe kwa kitambaa kigumu ili panya wasijenge kiota ndani.

Kunguni hujificha kwenye mishono, kwenye zipu na kwenye viungo vya mbao. Dalili ni madoa madogo meusi na watu kuamka au kuinuka na vipele. Kava la kuvua hapa ni msaada mkubwa: linachemshwa au kufuliwa kwa maji ya moto sana kama kitambaa kinastahimili, kisha linapigwa jua. Viungo vya fremu vichunguzwe kimoja kimoja kwa tochi.

Usipulizie dawa ya shambani kwenye sofa. Dawa ya mikorosho au ya mahindi haikutengenezwa kwa mahali anapolala mtoto, na hubaki kwenye sponji kwa muda mrefu. Mafuta ya taa nayo ni hatari ya moto. Tumia dawa iliyosajiliwa kwa matumizi ya ndani na ufuate maelezo ya kopo.

Moto na mafuriko

Sponji ya sofa huwaka haraka, na moshi wake una sumu inayoweza kuua kabla moto wenyewe haujamfikia mtu. Kibatari, mshumaa, sigara na dawa ya mbu ya kuwasha visiwekwe kwenye mkono wa sofa wala chini yake. Jiko la mkaa lisiletwe karibu. Ikishika moto, toa watu kwanza, funga mlango nyuma yenu, na piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Mafuriko ya Desemba 2011 katika Bonde la Msimbazi na maeneo mengine ya Dar es Salaam yalizitoa familia nyingi makwao, na baadhi zilihamishiwa Mabwepande. Vyombo vya ndani viliharibika pamoja na nyumba. Sponji iliyolowa maji ya mafuriko, ambayo mara nyingi huchanganyika na maji ya vyoo, haifai kurudishwa. Itupe. Fremu inaweza kuoshwa, kukaushwa kivulini kwa siku nyingi na kutumika tena, na makava yakafuliwa kwa maji ya moto na sabuni. Mwenye sofa ya makava ya kuvua hupoteza sponji tu.

Orodha ya kuhifadhi kwenye simu

1. Pima mlango wa nyumba na nafasi ya sebule.
2. Inua kona, sukuma mikono, geuza sofa miguu juu.
3. Fungua zipu, toa sponji, ipime kwenye mizani.
4. Hakikisha kitambaa cha pamba kimefuliwa kabla ya kukatwa.
5. Andika makubaliano na upige picha.
6. Ona fremu kabla haijavikwa, ndipo umalizie malipo.
7. Patana bei ya usafiri mapema, au fikiria kuchongesha fremu kwenu.
8. Geuza mito kila wiki, anika makava kivulini.

Kama una nafasi ya jambo moja tu katika haya yote, chukua la tatu. Muuzaji asiyekubali ufungue zipu amekwisha kukujibu.